Fomu ya Kumzika Bibi Paskazia

Jina la nchi yetu silitaji, maana kulitaja kunahitaji kibali na changu kimeisha muda. Inatosha kusema ni nchi nzuri, ina bendera, ina Rais na ina wizara arobaini na tatu. Hiyo ya arobaini na tatu ndiyo niliyoitumikia mimi, Kasiani Lyapembile, karani wa Ofisi ya Huruma, Wilaya ya Kisongole. Nayasimulia haya kwa moyo mweupe, kama mtumishi mtiifu ambaye hakuona kosa kwa mtu yeyote, hasa kwa wakubwa.

Mambo yalianza siku Rais alipokuja Kisongole kufungua bomba la maji. Bomba likafunguliwa, maji hayakutoka, watu wakapiga makofi. Kisha akatembezwa hospitali ya wilaya. Katika wodi namba tano akakuta wagonjwa wanakunywa uji wa moto, mashuka yao yamefuliwa, kucha zao zimekatwa. Akafurahi sana.

"Nani anawafanyia haya?" akauliza.

Mgonjwa mmoja asiyejua itifaki akajibu, "Akina mama wa parokia, mzee."

"Na serikali je?"

Mgonjwa akafikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli. "Serikali ilituletea picha yako," akasema, akaonyesha ukutani.

Wasaidizi wakacheka ili kuokoa hali. Rais hakucheka.

Kwa kweli mgonjwa yule hakudanganya. Parokia yetu ya Mtakatifu Yosefu wa Arimathaya ilikuwa na vikundi vitatu vilivyojulikana wilaya nzima. Kikundi cha Uji kiliwalisha wagonjwa wasio na ndugu. Kikundi cha Bati kiliezeka nyumba za vikongwe. Kikundi cha Sanda kiliwazika waliokufa bila watu: kiliwaosha, kikawachongea jeneza, kikawachimbia kaburi na kuwaimbia kana kwamba ni wazazi wake. Vyote vitatu viliongozwa na Mama Eufrasia Nyalusi, mjane wa miaka sitini na miwili, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Hakuna aliyemchagua. Alianza tu kufanya kazi, na wengine wakaona aibu kukaa wakimtazama.

Mwezi uliofuata Wizara ya Huruma ikaundwa. Waziri wake alikuwa mtoto wa hapa hapa Kisongole, Mheshimiwa Anakleti Mfalingundi, aliyebatizwa na kupata Komunyo ya Kwanza kanisani petu. Mama yake, Bibi Paskazia, alikuwa bado anakaa nyuma ya kanisa akifuga bata. Baba yake alikufa zamani, naye Anakleti hakuwa na kaka wala dada.

* * *

Siku ya uzinduzi Waziri alihutubia uwanja wa mpira kwa saa mbili na robo. Mimi nilikaa mstari wa tatu, miongoni mwa makarani, nikiwa na muhuri mpya mfukoni.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi huruma katika nchi hii imekuwa ikitolewa ovyo! Inatolewa na yeyote, kwa yeyote, saa yoyote! Huo ni uholela. Nimetembelea nchi zilizoendelea, nikakaa huko wiki sita. Sikuona huruma ya namna hii hata siku moja!"

Tukapiga makofi.

Kisha akaisoma Sheria ya Huruma, vifungu hamsini na sita. Kuanzia siku ile ilikatazwa kumlisha, kumwosha, kumfariji, kumlilia au kumzika mtu asiye ndugu yako wa damu bila kibali cha Wizara. Anayetaka kutoa huruma atajaza fomu H saba. Anayetaka kuipokea atajaza H nane.

Mama Eufrasia akanyoosha mkono. Askari walijaribu kutomwona, lakini sauti yake ilishafika jukwaani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mheshimiwa."

"Milele..." Waziri alijikaza. "Mama, hilo nitakuitikia nikiwa nje ya shughuli za kiserikali."

"Haya. Wagonjwa wa wodi namba tano watakunywa nini kesho asubuhi?"

"Hilo ni swali la utekelezaji, mama. Leo tuko kwenye uzinduzi."

Tukapiga makofi tena, na kwa haki, maana lilikuwa jibu zuri.

Alasiri ile ile askari walikwenda kwenye jiko la parokia wakachukua sufuria nne kubwa, miko mitatu, majembe, machela na jeneza moja la akiba. Mimi ndiye niliyeandika orodha, nikaipa kichwa cha habari: Vifaa vya Huruma Holela. Sufuria tuliziweka mlangoni mwa ofisi yetu tukapanda maua ndani yake. Yalipendeza.

* * *

Wodi namba tano, kitanda cha tisa, alilala Mwalimu Simforiani, katekista mstaafu wa miaka themanini na mmoja. Alikuwa ameteleza akavunjika nyonga. Hakuoa, hakuzaa, ndugu zake walikwisha wote. Nusu ya mji ilijifunza sala kwake, akiwemo Waziri. Mama Eufrasia alijifunza kwake hata kusoma, akiwa mama wa watoto watatu, darasani na mtoto mgongoni.

Hospitali yetu hutoa dawa inapokuwa nazo. Chakula ni kazi ya ndugu. Kwa hiyo kesho yake asubuhi Mama Eufrasia alifika kwenye dirisha langu, wa kwanza.

"Nipe hiyo fomu, Kasiani."

Nikampa. Tuliijaza pamoja hadi tukafika swali la kumi na moja, Aina ya Njaa: (a) ya muda, (b) ya kudumu, (c) ya uchochezi.

"Weka ya kudumu," akasema.

"Ya kudumu inakwenda mkoani, mama."

"Basi weka ya muda."

"Ya muda husubiriwa iishe yenyewe."

Alinitazama. Mimi ninaimba besi kwenye kwaya na yeye amenifahamu tangu nikiwa mdogo, lakini siku ile alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Weka ya kudumu," akasema.

Fomu ilikaa kwenye droo yangu siku nne, kwa kuwa niliitwa kwenye semina ya Kuharakisha Huduma. Halafu ikaenda mkoani. Kutoka mkoani ikaenda wizarani, ikarudishwa kwa sababu neno "uji" liliandikwa kwa herufi ndogo, ikaenda tena.

Siku zote hizo Mama Eufrasia alikwenda hospitali. Mara ya kwanza alificha kopo la uji ndani ya kitenge. Mlinzi alilipata, akaumwaga mbele ya lango huku akisema, "Nisamehe, mama, nina watoto." Wagonjwa wa vitanda vya jirani walimmegea Mwalimu vyakula vyao, wakaandikiwa onyo la ukarimu, kosa la kwanza. Wauguzi walionywa nao. Baada ya hapo Mama Eufrasia alisimama nje, kwenye dirisha la kitanda cha tisa, maana kusimama nje hakukuwa na kifungu.

"Eufrasia," Mwalimu aliuliza kila asubuhi, "umeleta?"

"Kesho, Mwalimu."

Alisema "kesho" mara kumi na tisa. Asubuhi ya ishirini hakuulizwa.

Kibali kilifika siku iliyofuata, kikiwa na saini tano. Kilimruhusu kumpa mgonjwa uji usiozidi nusu lita, bila sukari. Alikisoma amesimama dirishani kwangu, kuanzia nembo hadi anwani ya mpiga chapa. Hakulia. Kulia kwa ajili ya asiye ndugu kulikuwa na fomu yake.

"Kasiani," akasema, "nataka nakala ya hiyo Sheria. Yote."

Nilimpa kwa furaha. Ni raia wachache mno wanaopenda kusoma sheria za nchi yao.

* * *

Wizara iliamua kumzika Mwalimu Simforiani yenyewe, kama mfano. Waziri alikuja akiwa amevaa glavu nyeupe. Kaburi, ambalo Kikundi cha Sanda kiliomba kibali cha kulichimba, lilizungushiwa utepe wa rangi za bendera, akaukata kwa mkasi, bendi ya polisi ikapiga.

"Marehemu," alisema Waziri, "ana bahati kubwa. Yeye ndiye mnufaika wa kwanza wa huruma iliyopangwa kitaalamu!"

Msalaba haukuwekwa kwa kuwa haukuwa kwenye viwango vya Wizara. Kiliwekwa kibao cha chuma kilichoandikwa MNUFAIKA 001. Padre Gaudensi, paroko wetu, alipewa dakika moja na nusu, na aliposema "Raha ya milele" afisa itifaki akamwonyesha saa.

Wakati wa kuondoka Waziri alinivuta pembeni. "Huyu mzee alikuwa nani hasa?"

"Mwalimu Simforiani, Mheshimiwa. Alikufundisha katekisimu."

"Aa." Alivua glavu moja. "Alikuwa mkali sana."

Mama Eufrasia alisimama nyuma ya watu wote. Kwapani alikuwa na nakala ya Sheria, na nikaona kingo za kurasa zake zimeshachakaa na kuandikwa kwa penseli.

* * *

Miezi mitano baadaye, asubuhi ya Jumanne, Bibi Paskazia alikutwa amefariki kitandani mwake. Alikuwa mwanamke mpole, hakuna aliyekuwa na neno naye. Miaka mingine yote, kabla jua halijapanda, ua wake ungekuwa umejaa kuni, mabenchi, turubai na akina mama wamefunga khanga viunoni. Asubuhi ile Mama Eufrasia alipita nyumba kwa nyumba na kila mlango alisema maneno mawili tu: "Tunafuata sheria."

Waziri alifika saa nane mchana na msafara wa magari kumi na manne. Ua ulikuwa na bata.

Akaenda nyumba ya jirani, kwa Mzee Kalisti. Mzee alisimama kwa heshima zote.

"Karibu, Mheshimiwa. Pole kwa..." Akajiziba mdomo. "Samahani. Karibu tu. Pole ni faraja, na mimi sina kibali."

Nyumba ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Wote walimpa kiti. Wote walimpa maji. Hakuna aliyempa pole.

Akaita Idara ya Mazishi ya Wizara yake. Wakaja mkurugenzi, wakurugenzi wasaidizi watatu, afisa itifaki na mpiga picha. Ilibainika kwamba katika muundo wa idara nafasi ya mchimbaji haikuwahi kuidhinishwa. Akamwita mkuu wa polisi, naye akapiga saluti. "Askari wangu si ndugu wa marehemu, Mheshimiwa. Kifungu cha tisa."

Mwishowe akavamia ofisini kwangu. "Leta vibali! Nasaini mia sasa hivi!"

"Kibali huombwa, Mheshimiwa," nilisema. "Kifungu cha pili: huruma ni hiari. Na hakuna aliyeomba."

"Walazimishe waombe!"

"Fomu ina swali, Mheshimiwa: je, umelazimishwa?"

Na jambo baya zaidi ni kwamba Rais alikuwa ameshatangaza redioni kuwa atahudhuria maziko hayo Alhamisi saa sita, na televisheni zote zitakuwepo, ili taifa lione jinsi Waziri wa Huruma anavyohurumiwa.

Jumatano mchana barafu iliyowekwa kuzunguka mwili ilianza kuyeyuka. Jua lilikuwa kali, na ndani ya nyumba ile mtoto wa marehemu alikuwa peke yake na ndoo. Saa tisa nilimwona akipita kwa miguu mbele ya ofisi, bila koti, bila mlinzi. Nikamfuata, kwa kuwa ni wajibu wa karani kujua wakubwa wake walipo.

Alikwenda kwa Mama Eufrasia. Alimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

Hakukaa. "Mama yangu anaharibika."

"Najua. Jumapili tulikaa benchi moja kanisani, yeye na mimi. Alinipa mayai ya bata." Aliendelea kuchambua. "Kuna vidole vyangu viwili haviachi kutetemeka tangu jana. Vinataka kwenda kumwosha."

"Sasa kwa nini huendi?"

"Umenikataza."

Waziri alifunga macho. "Unataka nini, Mama Eufrasia? Sema. Nikupe ukuu wa wilaya? Nirudishe sufuria?"

"Mimi sina ninachotaka. Mwenye shida ni wewe." Akaifungua Sheria bila kutafuta ukurasa. "Njia ipo. Kifungu cha thelathini na nane. Mtu akijiandikisha kuwa mhitaji daraja la mwisho, majirani wanaruhusiwa kumfanyia kila kitu bila kibali. Masharti yake: aende ofisini kwa miguu yake mwenyewe, na asome kiapo kwa sauti mbele ya watu."

"Kama kifungu hicho kipo, kwa nini hamkukitumia kwa yule mzee?"

Nadhani aliuliza bila kufikiri. Mama Eufrasia aliweka ungo chini.

"Mwalimu alikuwa amevunjika nyonga," alisema taratibu. "Kifungu ulikisoma mwenyewe uwanjani, tukaomba abebwe. Ukatuandikia kwamba kubebwa ni huruma. Wewe una miguu, baba. Twende."

* * *

Habari zilitutangulia. Tulipofika ofisini, parokia nzima ilikuwa imesimama nje ya dirisha langu, kimya kama siku ya Ijumaa Kuu. Nikatoa fomu. Waziri akaijaza. Palipoandikwa Sababu za Kutojiweza akaandika: Mama yangu amekufa.

"Hiyo si sababu," alisema Mama Eufrasia. "Mama zetu wote wamekufa. Andika sababu."

Akaifuta. Akaandika: Sina watu.

"Sasa soma kiapo."

Akasoma. Hakusikika hata na mimi niliyekuwa mbele yake.

"Sauti, Mheshimiwa. Kifungu kinataka isikike."

Akasoma tena, na mara ya tatu sauti ilipanda yenyewe, ikakatika katikati: "Mimi, Anakleti Mfalingundi, ninakiri kwamba sijiwezi. Sina watu. Ninaomba nihurumiwe."

Nimewahi kuona watu wakisamehe; nyuso zao hazifanani na nyuso nilizoziona dirishani siku ile. Mama Eufrasia alimtazama tu, kwa utulivu, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari ndefu. Nikagonga muhuri. Fomu ilikaa kwangu dakika nne.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wanawake walipiga vigelegele vya kilio, wakayang'oa maua yangu, wakabeba sufuria zao. Wanaume walichukua majembe stoo. Mama Eufrasia alikuwa ameshafika kwa marehemu. Alimwosha Bibi Paskazia yeye mwenyewe, akimsemesha polepole, akimwomba radhi kwa siku mbili zile. Akamsuka nywele. Akamvalisha gauni la kitenge cha parokia, na alipotoka nje macho yake yalikuwa yamevimba.

Lakini Kikundi cha Sanda kilipokwenda makaburini asubuhi ya Alhamisi, alimpa Waziri jembe.

"Kifungu hicho hicho, aya ya pili. Mhitaji atashiriki kazi, ili asizoee kubweteka."

Akachimba. Alikuwa amevaa suruali ya suti na viatu vya kung'aa. Watu walisimama kwenye ukingo wakimtazama, na kila alipopumzika mtu mmoja alikohoa. Viganja vilimchubuka vikatoa damu kwenye mpini.

Rais alifika saa sita kamili pamoja na kamera. Akatazama makaburini, akamwona mtu ndani ya shimo, udongo hadi kwenye nyusi.

"Yule ni nani?"

"Mhitaji namba moja wa taifa, Mheshimiwa Rais," alisema Mama Eufrasia kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. "Ameandikishwa jana kwa mujibu wa sheria yake mwenyewe. Na kifungu cha thelathini na tisa kinasema mhitaji hawezi kushika ofisi ya umma mpaka mashahidi watatu wasio ndugu zake wathibitishe kwamba anajiweza."

Afisa itifaki akaletewa kitabu. Akasoma. Akamnong'oneza Rais. Kamera zilikuwa zinawaka.

"Sheria ni sheria," alisema Rais kwa ukali wa kupendeza. "Nafurahi kuona inafanya kazi."

Bibi Paskazia alizikwa vizuri sana. Kwaya tuliimba nyimbo saba, watu walimlilia hadi wakakaa chini, na Padre Gaudensi alihubiri bila kuonyeshwa saa. Ibada ilipokwisha, msafara wa magari kumi na manne uliondoka kwenda mji mkuu. Anakleti Mfalingundi aliukimbilia hatua chache, kisha akasimama barabarani na jembe lake.

* * *

Sasa ni mwezi wa tisa tangu maziko yale. Waziri mpya wa Huruma ameteuliwa, anatoka mkoa mwingine, na amesema hadharani kwamba Kisongole si eneo la kipaumbele. Uji unapikwa. Sheria ipo.

Anakleti anakaa katika nyumba ya mama yake. Kila asubuhi anavaa suti iliyobaki na kuzunguka mjini akitafuta mashahidi watatu. Anapewa kiti, anapewa maji, anapewa pole, maana sasa inaruhusiwa. Akiwaomba washuhudie kwamba anajiweza, wanamtazama kwa upole mwingi na kusema kwamba kwa kweli hawana uhakika. Amekonda. Padre Gaudensi ameligusia jambo hilo katika mahubiri mara mbili, na mara zote mbili waumini walisikiliza kwa makini.

Mimi siku hizi nakwenda jikoni kwa Kikundi cha Uji kila Jumamosi asubuhi. Nilijitolea mwenyewe. Mama Eufrasia alinipa mwiko mkubwa na sufuria ya wodi namba tano, na tangu siku hiyo hajanipa kazi nyingine wala hajaniambia asante.

Jumamosi iliyopita nilijipa moyo nikamuuliza kama ni kweli Padre alimkatalia maondoleo ya dhambi kwa sababu ya Anakleti.

"Hakukataa. Nilimwambia nimeona raha, naye akaniuliza kama najuta. Nikamwambia nitarudi siku nitakayojuta."

"Umerudi?"

"Bado."

Nilikoroga. Uji ulikuwa mzito na mvuke ulikuwa unanipiga usoni. "Lakini mama, mambo si yamekwisha? Amefukuzwa, amechimba, hana kitu. Ni nani tena anadaiwa?"

Mama Eufrasia alikuja akasimama karibu yangu, akatazama ndani ya sufuria, akauchukua mkono wangu na kuusogeza chini kidogo kwenye mpini ili nikoroge hadi kwenye kitako.

"Siku nne, Kasiani," akasema. "Kwenye droo."